Jaramogi kabla ya siasa

Mimi mtu wa Pwani niliyehamia Kericho. Sisi majirani huchanga pesa tukanunua viazi na mboga kwa wakulima wadogo wa Bomet, na kila tukizozana juu ya hisa humkumbuka Jaramogi Oginga Odinga. Huyu aliyekuwa mwalimu Maseno aliandikisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947, akazunguka Afrika Mashariki akiwauzia hisa Wajaluo walioajiriwa mbali na kwao. Kazi hiyo, naona mimi, ni ngumu kuliko kuomba kura: kumtoa kibarua shilingi zake, naye faida hajaiona. Hata hivyo wakajenga Ramogi House, Kisumu. Umakamu wa rais ulikuja 1964, akajiuzulu 1966, kizuizini 1969, mauti Januari 1994.