Grogan: Mlowezi aliyeleta trauti katika mito ya Kenya

WAKAZI wa Cheptais, katika miteremko ya Mlima Elgon, wameishi tangu jadi kando ya mito ya maji baridi itokayo mlimani. Juu zaidi, karibu na kilele, huchimbuka Mto Suam, ambao huteremka kuelekea kaskazini na kupita mbali na Kitale. Katika maji ya Suam kuna samaki ambaye mababu wa Wasabaot hawakumjua. Samaki huyo ni trauti, na kufika kwake Kenya kulitokana na mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Scott Grogan.

Grogan alizaliwa London mwaka wa 1874. Alifukuzwa Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akaenda kusini mwa Afrika, ambako mwaka wa 1896 alipigana upande wa wakoloni dhidi ya Wamatabele.

Alipotaka kumwoa Gertrude Watt, baba wa kambo wa binti huyo alimtilia shaka. Ili athibitishe uwezo wake, mwaka wa 1898 Grogan alianza safari ya kuvuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo. Alifika mwaka wa 1900, akapata sifa kubwa na mke pia.

Mwaka wa 1904 alihamia Kenya. Aliona kwamba vijito vya milima ya Nyandarua vilifanana na vya Uskoti, ila havikuwa na trauti. Mwaka uliofuata aliagiza mayai ya samaki huyo kutoka ziwa la Loch Leven, Uskoti, na vifaranga wake wakatiwa katika Mto Gura.

Haikuwa kazi rahisi. Trauti huhitaji maji baridi yenye hewa nyingi, na kumsafirisha akiwa hai baharini kungekuwa taabu tupu. Mayai, yakihifadhiwa penye baridi, hustahimili safari ndefu. Walowezi wengine na maafisa wa serikali walifuata nyayo hizo, na hatimaye trauti wakaenezwa hadi Mlima Kenya na Mlima Elgon.

Pamoja na samaki ulikuja uvuvi wa aina mpya. Wenyeji walivua ili wale, wakitumia mitego, mikuki, au ndoana yenye nyungunyungu. Walowezi walivua kwa kujifurahisha. Kwa kuwa trauti hula wadudu, walimhadaa kwa nzi bandia aliyeundwa kwa manyoya na uzi juu ya ndoana.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, samaki aina ya besi kutoka Marekani aliingizwa katika Ziwa Naivasha. Mwaka wa 1949, Nick Creme wa Akron, Ohio, alibuni nyungunyungu wa plastiki laini, chambo ambacho wavuvi wa besi walikipenda mno. Nyenzo ilibadilika, lakini hila ilibaki ile ile ya kumwonyesha samaki chakula kisicholika.

Hata hivyo, sifa za Grogan zina doa zito. Mnamo Machi 1907 aliwachapa viboko hadharani Waafrika mbele ya mahakama ya Nairobi, akidai walikuwa wamewakosea adabu wanawake wa kizungu. Alifungwa, lakini walowezi wengi walimwona shujaa.

Mito nayo haikusalimika na ubaguzi huo. Chini ya ukoloni, trauti alilindwa kwa sheria na leseni, ilhali mashamba ya Trans Nzoia, ambayo Wasabaot walikuwa wakilishia mifugo, yaligawiwa walowezi. Mwenyeji angeweza kuhesabiwa mwizi kwa kuvua katika mto aliozaliwa kando yake.

Gertrude alifariki mwaka wa 1943, na kwa kumkumbuka, Grogan alitoa ardhi Muthaiga, ambapo hospitali ya watoto ya Gertrude's Garden ilifunguliwa mwaka wa 1947. Yeye mwenyewe alifariki Cape Town mnamo Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 92.

Barabara ya Nairobi iliyoitwa kwa jina lake sasa ni Kirinyaga Road, na himaya aliyoitumikia imetoweka. Trauti wangali mtoni. Urithi huo si haba, mradi mwenye mto naye awe na haki ya kutia ndoana majini.