Codd, aliyeifunza kompyuta kujibu swali

KARANI wa chama cha ushirika mjini Nakuru aulizapo kompyuta ni wakulima wangapi wa Njoro, Molo na Bahati walioleta maziwa wiki hii, jibu humrudia katika jedwali pamoja na idadi yao. Msingi wa utaratibu huo uliwekwa na Edgar Codd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1923.

Codd alikuwa rubani katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akasomea hisabati Oxford na kuhamia Marekani, alikoajiriwa na IBM. Mwaka wa 1953 alikwenda Canada, akichukizwa na msako wa wakomunisti ulioongozwa na Seneta McCarthy, ila alirejea baadaye.

Enzi hizo, mwenye kutafuta habari kwenye kompyuta alilazimika kujua ilikohifadhiwa. Katika makala ya 1970, Codd alipendekeza habari zipangwe katika majedwali, mtu aseme tu anachotaka. Waajiri wake, waliokuwa tayari wakiuza mfumo mwingine, walijikokota.

Lugha ya SQL, iliyobuniwa na wenzake wa IBM, haikumridhisha. Iliruhusu mistari ya jedwali kujirudia, naye alishikilia kila mstari uwe wa pekee. Hakubishania jambo dogo. Mkulima aliyeleta maziwa asubuhi na jioni akitokea mara mbili, karani ahesabuye mistari atapata wakulima wawili pasipo na wawili.

Codd alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka wa 1981. Aliaga dunia Florida mnamo Aprili 18, 2003, akiwa na umri wa miaka 79.