Thomas Odhiambo: Mzaliwa wa Mombasa aliyesoma siri za wadudu

Mkulima wa mahindi Dumila anawajua viwavijeshi: leo shamba la kijani, siku chache baadaye yamebaki mabua. Ndiyo maana wilayani Kilosa imewahi kutumika mitego yenye harufu ya nondo jike. Madume wakinaswa wengi, kijiji kinajua viwavi wako njiani.

Kumshinda mdudu kwa kemia yake mwenyewe ni jambo ambalo Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya alilipigania maisha yake yote.

Alizaliwa Mombasa 1931, akasoma Makerere, kisha Cambridge, Uingereza. Huko alichunguza nzige wa jangwani. Alipowaondolea nzige dume tezi ndogo za kichwani, wakapoa: walitembea kidogo, na hamu ya kupandana ikashuka. Kumbe homoni ndiyo inayowaendesha.

Alipopata udaktari 1965 akarudi nyumbani. Kwake, kupulizia sumu bila kumjua mdudu ilikuwa kupoteza hela, na Afrika haikupaswa kusubiri majibu kutoka nje. Mwaka 1970 akaanzisha ICIPE jijini Nairobi, akakiongoza hadi 1994. Hapo wakemia na wanabiolojia walichunguza pamoja mbung'o, kupe na bungua wa mahindi.

Pia alikuwa rais wa kwanza wa Akademia ya Sayansi ya Afrika, iliyoundwa 1985.

Alifariki 2003. ICIPE bado kinafanya kazi, na wanasayansi wa Kiafrika wanaendelea kufundishwa humo, hapahapa Afrika.