Griffin na Watoto Waliokosa Jina

Katika somo la isimu huwaambia wanafunzi wangu kwamba neno laweza kumfunga mtu kabla polisi hajamfikia. Mtoto wa Eastlands akishaitwa chokoraa, yaani mchokoraji wa mapipa ya taka, kesi yake imekwisha: mwenye gari hupandisha kioo, mwenye duka hutafuta rungu. Nalikumbuka jambo hili kila nitafakaripo maisha ya Geoffrey William Griffin. Walimu wengi humjua kwa sifa za mitihani ya shule yake, ilhali shule hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya mitihani.

Griffin alizaliwa Eldoret mwaka 1933, akasoma Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School. Wakati wa Hali ya Hatari alikuwa afisa katika jeshi la King's African Rifles. Alipoliacha jeshi aliwashughulikia vijana waliozuiliwa Manyani na baadaye Wamumu. Hapa tusimpambe mno. Kambi hizo zilikuwa chombo cha mkoloni, na kijana aliyefunzwa useremala humo alikuwa mahabusu bado.

Mwezi wa Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, yakaipekua mitaa ya Waafrika na kuwasomba maelfu ya watu hadi kambini. Watoto wengi walibaki bila mlezi. Katika mitaa ya halmashauri, kama vile Kaloleni na Ziwani, chumba kilikuwa cha mwenye kazi na kodi. Mtoto asiye na baba hakuwa na dai lolote juu yake. Basi wakalala vibarazani, na aliyeshindwa kuomba akaiba.

Mnamo Novemba 1959, Griffin alianzisha kituo cha Starehe, mlangoni mwa Eastlands, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Gikubu mwenyewe alikuwa amewahi kuwa kizuizini. Huo ndio ushirikiano ninaoustaajabia: aliyevaa sare za mkoloni na aliyefungwa na mkoloni wakilea watoto wale wale. Kampuni za mafuta za Shell na BP zilitoa vibanda viwili vya mabati. Baadaye shirika la Save the Children likasaidia kuwapatia wavulana wafadhili. Hakuna mmoja kati ya hao ambaye angeliweza kuubeba mzigo huo peke yake.

Lakini fedha si kiini cha habari hii. Griffin aliweka baraza la kila wiki, ambapo mvulana yeyote alisimama mbele ya wenzake na kumweleza mkurugenzi kilichomuudhi, iwe chakula, iwe kiranja mwonevu. (Ni shule ngapi zetu leo zingethubutu?) Mtoto aliyezoea kuzungumziwa na mahakama alianza kujizungumzia. Wanafunzi pia walitumwa kujitolea hospitalini na kwingineko, ili aliyesaidiwa naye asaidie.

Mwaka 1964 serikali huru ilimkabidhi Griffin kazi ya kuunda Huduma ya Vijana kwa Taifa, akaiongoza hadi 1988 bila kuiacha Starehe.

Kuna doa moja ambalo wasifu mwingi huliruka. Patrick Shaw, aliyekuwa mtawala katika Starehe hiyo hiyo, alikuwa pia polisi wa akiba, na usiku alizunguka jijini akiwasaka majambazi. Jina lake liliogopwa mno mitaani hadi alipofariki mwaka 1988, na washukiwa kadhaa hawakuufikia mlango wa mahakama. Sijui neno la kuyapatanisha mambo hayo mawili: kitanda kwa kijana mmoja, risasi kwa mwingine aliyetoka mtaa ule ule. Nawaachia wanafunzi wa historia walijadili darasani, wala wasiharakishwe.

Griffin alifariki tarehe 28 Juni 2005. Januari ya mwaka huo huo kituo cha wasichana kilikuwa kimefungua milango yake, miaka 45 baada ya vile vibanda vya mabati.