Raj Kapoor na Mtoto wa Nyoka

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kilwa Masoko nikiwa na laptopu, bando la kuungaunga na flashi iliyojazwa filamu na jamaa yangu wa bwenini. Humo kulikuwa na kila kitu: za mapigano, za Krismasi zenye theluji mpaka magotini, za Kikorea zisizokwisha. Nilipanga kuzimaliza zote kabla chuo hakijafunguliwa. Sikumaliza hata robo, na aliyesababisha ni babu yangu. Jioni moja alivuta kiti, akatazama dakika tano za filamu ya magari yanayoruka hewani, halafu akaniuliza kama ndani ya hicho kidude hakuna Raj Kapoor.

Hakuwemo. Ikabidi niitafute Awara mtandaoni usiku wa manane, saa ambazo bando linakuwa rahisi. Kesho yake baada ya Isha tukakaa barazani, yeye, mimi na wadogo zangu wawili. Nilijiandaa kusinzia, maana ni filamu ya mwaka 1951, ya rangi nyeusi na nyeupe, inapita saa tatu, na hakuna DJ wa kututafsiria kama tulivyozoea vibanda umiza. Jamani, sikusinzia. Tangu siku ile nimeshaangalia Shree 420, Mera Naam Joker na Bobby, na nikasoma kila nilichokipata kuhusu mtu huyu. Nawasimulia maisha yake kwa sababu yamenigusa pabaya, hasa mimi ninayesomea ualimu.

Raj Kapoor alizaliwa tarehe 14 Desemba 1924 huko Peshawar, mji ambao leo uko Pakistani lakini wakati ule ulikuwa ndani ya India ya Waingereza. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Prithviraj Kapoor, mwanaume mrefu mwenye sauti nzito, ambaye alikuja kuwa mmoja wa waigizaji wakubwa wa India. Familia ilihama kufuata kazi za baba, mara Bombay, mara Calcutta, tena Bombay, na mtoto akawa anabadilishwa shule kila baada ya muda. Kitabu hakikupanda. Mtihani wa kumaliza sekondari alifeli.

Wenzangu, sisi tunajua kufeli maana yake nini. Kwetu huku kijana akipata ziro kidato cha nne, kesho yake anaitwa akabebe ndoo za samaki, na mtaa mzima unasema ilijulikana tu. Raj Kapoor aliponea wapi? Kwanza alikuwa na baba mwenye jina. Lakini baba huyo hakumpa kiti cha bure. Alimwacha aanzie chini kabisa, na Raj akaenda kuwa msaidizi wa mwongozaji Kidar Sharma. Kazi yake ilikuwa kugonga kile kibao cha mbao kinachogongwa mbele ya kamera kabla waigizaji hawajaanza.

Hata hiyo aliiharibu. Inasimuliwa kwamba kila kabla ya kugonga alikuwa anachana nywele kwanza, labda kamera itamwona. Siku moja akakigonga kibao karibu mno na uso wa mwigizaji, ndevu za bandia zikanaswa, zikabanduka mbele ya watu wote. Sharma akamzaba kofi. Lakini ni Sharma huyohuyo aliyeangalia tena na kuona kwamba kijana ana kitu, akampa nafasi ya mhusika mkuu katika Neel Kamal ya mwaka 1947, pamoja na Madhubala. Kofi hilo silitetei. Nasema tu kwamba mtu mzima aliyemkosea kijana hakuishia pale.

Mwaka uliofuata, kabla hajafikisha miaka 24, Raj alianzisha kampuni yake ya R.K. Films, akaongoza filamu yake ya kwanza, Aag. Haikutikisa sana. Ya pili, Barsaat ya mwaka 1949, ndiyo iliyoleta pesa, na kwa mafanikio yake akajenga studio sehemu ya Chembur, Bombay. Nembo ya studio ilitokana na picha ya Barsaat yenyewe: mwanaume ameshika fidla mkono mmoja na mwanamke amemlalia mkono mwingine. Mwanamke huyo ni Nargis, nitamrudia.

Halafu ikaja Awara. Kisa kilitoka kwa mwandishi K. A. Abbas, nacho ni hiki. Kuna jaji anaitwa Raghunath, anayeamini kwamba mtoto wa mtu mwema huwa mwema na mtoto wa mwizi huwa mwizi, basi. Kwa imani hiyo alishamfunga mtu mmoja, Jagga, bila haki. Jagga akatoka jela akiwa jambazi kweli, akamteka mke wa jaji. Alipogundua mama yule ni mjamzito alimwachia, akawa na mpango mwingine kichwani. Jaji akamshuku mkewe, akamfukuza usiku. Mtoto, Raj, akazaliwa mtaani, akakulia kwenye vibanda vya maskini. Anasoma huku anang'arisha viatu ili mama ale, na kwa sababu hiyo shule inamfuta. Anaiba mkate kwa sababu ya njaa, anafungwa, na Jagga anamchukua na kumfundisha wizi. Mtoto wa jaji anakuwa mwizi! Mwisho anasimamishwa mahakamani, na anayemtetea ni Rita, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni wakili.

Utamu mwingine ni huu: anayeigiza jaji ni Prithviraj mwenyewe, baba yake Raj wa kumzaa. Raj mdogo ameigizwa na Shashi, mdogo wake wa mwisho. Na yule hakimu mzee anayesikiliza kesi ni babu yao. Vizazi vitatu vya nyumba moja vimeingia kwenye filamu moja kuuliza kama damu ndiyo inayomlea mtu.

Awara ilivuka mipaka. Katika Urusi ya Kisovieti ilionyeshwa kuanzia mwaka 1954, watu wakajaa kwa mamilioni. Ikafika na pwani yetu. Zanzibar, Tanga, Dar es Salaam, filamu za Kihindi zilikuwa ndizo filamu zenyewe, na iliyopendwa ilirudishwa tena na tena kwa miaka, hasa sikukuu. Babu aliiona Lindi mjini, kwenye jumba la sinema, Idi moja ya miaka ya mwanzo ya Uhuru. Alikuwa kijana, anafanya kazi kwenye duka la Mhindi pale Kilwa Kivinje. Walipanda lori yeye na wenzake, na nguo mpya za Idi zikafika Lindi zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Kihindi alikuwa anakijua cha kuuzia kanga tu. Lakini anasema hapakuwa na shida, wajuaji waliwasimulia wasiojua, na wimbo walitoka nao mdomoni. Baada ya hapo mwenzao mmoja aliitwa Awara mpaka uzeeni.

Nilimuuliza babu walipenda nini hasa. Hakuzungumzia mapenzi wala nyimbo. Alisema walikuwa vijana wa kubeba magunia, na ile ilikuwa mara ya kwanza kuona kwenye kitambaa kikubwa kile mtu kama wao, suruali fupi, viatu vimetoboka, halafu wenye makosa wakawa waliomhukumu.

Hapo ndipo nilipokosa raha, na naomba niseme kwa nini.

Mwaka jana nilikuwa fildi, nafundisha kidato cha pili katika shule moja ya pwani hii. Kulikuwa na kijana anayechelewa karibu kila siku, kwa sababu alfajiri anabeba ndoo za samaki kutoka kwenye mashua. Baba yake alikuwa amefungwa kwa wizi. Ofisini kwetu, akitajwa tu, ilikuwa lazima mtu aseme mtoto wa nyoka ni nyoka, na wengine tucheke. Siku moja pesa nilizokusanya kwa ajili ya kudurufu mtihani, shilingi 18,000, hazikuonekana. Yeye ndiye niliyekuwa nimemtuma ofisini kuchukua madaftari. Sikuuliza mara mbili. Nilimsimamisha mbele ya darasa, nikamwaga begi lake sakafuni. Mlikuwa na daftari nne, kisu kidogo cha samaki na mihogo ya kukaanga kwenye gazeti.

Siku mbili baadaye nilizikuta pesa ndani ya jalada la kitabu changu cha maandalio. Nilimwita kijana pembeni, chini ya mwembe, nikamwomba radhi. Akasema haina shida, mwalimu. Wiki ya mwisho ya fildi hakuja kabisa.

Nimeangalia ile sehemu ya mahakama mara tatu. Rita hamtetei Raj pembeni chini ya mwembe. Anamtetea palepale alipohukumiwa, mbele ya watu walewale. Mimi nilimpekua kijana hadharani na nikamwomba radhi sirini.

Nirudi kwenye maisha yake, maana yasije yakaonekana ni ya malaika. Shree 420 ya mwaka 1955 ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Anaingia mjini na kibunda chake begani kama Charlie Chaplin, anatafuta kazi kwa uaminifu, mji unamfundisha utapeli. Kila mhitimu asiye na ajira aiangalie. Lakini nyumbani kwake mambo hayakuwa safi. Alikuwa ameoa mwaka 1946, mkewe Krishna akamzalia watoto watano, huku kwa miaka mingi yeye na Nargis wakiwa zaidi ya waigizaji wenza. Nargis alikuwa nguzo ya studio ile. Baada ya mwaka 1956 aliondoka, na mwaka 1958 akaolewa na Sunil Dutt. Wanawake wawili walilipa gharama ya moyo wa mwanaume mmoja. Na katika filamu zake za uzeeni kamera inakaa mno juu ya miili ya wanawake. Wadogo zangu wakiwepo, niliruka.

Mwaka 1964 alitoa Sangam, filamu yake ya kwanza ya rangi, wakasafiri kupiga picha mpaka Ulaya. Halafu akatumia miaka kama sita kutengeneza Mera Naam Joker, kisa cha mchekeshaji wa sarakasi anayechekesha watu huku moyo unavuja. Ilitoka mwaka 1970, inapita saa nne, ina mapumziko mawili. Ilianguka vibaya, akabaki na madeni makubwa. Maoni yangu? Sehemu ya kwanza, ya mwanafunzi anayempenda mwalimu wake kimyakimya, ni nzuri kupindukia. Zilizobaki zingepunguzwa. Babu alilala sehemu ya pili, akaamka ya tatu, na hakuona alichokosa.

Mtu wa miaka 46, aliyefeli shule na sasa amefeli hadharani, angeweza kukaa. Yeye akatengeneza Bobby, hadithi ya mapenzi ya vijana, akamweka mwanawe Rishi pamoja na msichana mgeni kabisa, Dimple Kapadia. Mwaka 1973 India nzima ilikwenda kuiona, na madeni yakalipika.

Aliendelea mpaka Ram Teri Ganga Maili ya mwaka 1985. Tarehe 2 Mei 1988 alikwenda Delhi kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, heshima kubwa kuliko zote katika filamu za India. Ukumbini pumu ilimbana, akashindwa kwenda jukwaani. Rais wa India, Venkataraman, akashuka yeye mwenyewe kumpa tuzo pale alipokaa. Akapelekwa hospitali, na tarehe 2 Juni akafariki, akiwa na miaka 63. Studio ya Chembur iliungua mwaka 2017, na familia ikaiuza.

Sasa kuna mjanja atasema: mbona wadogo zake Shammi na Shashi walikuwa nyota, wanawe nyota, wajukuu kina Karisma, Kareena na Ranbir nyota? Si ndiyo mtoto wa nyoka yenyewe? Nimelifikiria sana hilo. Jibu langu ni kwamba nyumba ile ilikuwa na studio, marafiki waongozaji, na mtu wa kukushika ukianguka. Aliyefeli mtihani alipata pa kuangukia. Awara inasema hivyohivyo kwa upande wa pili: mchukue mtoto wa jaji, mnyime shule, mwachie Jagga, utaona anakuwa nani. Wa kwetu anayebeba ndoo za samaki hana studio. Ana shule tu, na ndani ya shule ana sisi.

Fildi nyingine inaanza Julai. Nimeomba shule ileile. Darasa lile sasa ni kidato cha tatu, na wengi walioona nikimwaga begi bado wamo. Nitasimama mbele yao niseme pesa zilikuwa kwangu na nilimkosea mwenzao. Kama yeye hayupo, najua mashua zinafikia wapi na saa ngapi.

Babu naye ameagiza Sangam. Bando limeisha, nasubiri boom.