Per Henrik Ling, Mwalimu wa Viungo

Mvulana akiulizwa atafanya kazi gani atakapomaliza masomo, naye akajibu kwamba atakuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, mara nyingi wenzake humcheka. Huona kuwa ni kazi ya mtu aliyeshindwa na hesabu. Mimi pia nilipokuwa darasani nalimcheka mmoja wetu, wala sikujua kwamba zamani alikuwapo Mswidi aliyedharauliwa vivyo hivyo. Jina lake Per Henrik Ling.

Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1776 katika kijiji cha Södra Ljunga, kusini mwa Uswidi. Baba yake alikuwa kasisi, akafa mtoto angali mdogo. Ling naye alisoma elimu ya dini, lakini hakushika kazi ya baba yake. Alipenda lugha na mashairi, na mwaka 1799 akaenda Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, akakaa huko miaka kama mitano. Ikawa mwaka ule ule mtu mmoja wa mji huo, Franz Nachtegall, alifungua nyumba ya mazoezi ya viungo. Ling akaingia humo. Tena akajifunza kupigana kwa kitara, na walimu wake walikuwa Wafaransa waliokimbia mapinduzi ya kwao.

Siku hizo mkono wake ulikuwa ukimsumbua kwa baridi yabisi. Alipozoea kushika kitara kila siku, aliona maumivu yanapungua. Mtu mwingine angalifurahi tu, basi. Ling alitaka kujua sababu: kama mkono umepona kwa kutikiswa, je, ni msuli gani uliofanya kazi, na wavuta mfupa gani? Aliporudi Uswidi mwaka 1804 alipata kazi ya kufundisha kitara katika Chuo Kikuu cha Lund, na huko akajitia kusoma habari za mwili, mifupa na misuli na jinsi moyo unavyosukuma damu, kama mwanafunzi wa udaktari. Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi hii ilipoanza kuwa elimu. Watu wenye nguvu za kuonyesha sokoni walikuwapo tangu kale. Mtu awezaye kueleza kwa nini zoezi hili lamfaa huyu na kumdhuru yule alikuwa haba.

Mwaka 1809 Uswidi ilishindwa vitani na Urusi, ikanyang'anywa Finland yote. Wananchi waliona aibu kubwa. Ling alifikiri kwamba taifa litasimama tena ikiwa watu wake watakuwa na miili imara, na kwamba jambo hilo haliwezekani bila walimu waliofundishwa hasa. Akaomba serikali imsaidie kuanzisha chuo. Yasimuliwa kwamba mara ya kwanza mkubwa mmoja alimjibu kuwa nchi inao wacheza sarakasi na watembea kambani wa kutosha. Ling hakukata tamaa, akaomba tena, na mwaka 1813 chuo kikakubaliwa, mjini Stockholm. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake mpaka alipokufa.

Waliosoma kwake walifundishwa jinsi ya kuzoeza watoto wa shule, askari, na wagonjwa pia. Mazoezi yalianza na mepesi, yakazidi ugumu kidogo kidogo, na kila moja lilikuwa na sababu yake. Aliye dhaifu alipewa yanayomfaa yeye, hakulazimishwa kufuatana na mwenye nguvu. Madaktari wengine walikasirika, wakisema huyu si mganga, mbona ashika wagonjwa? Wengine walilaumu kwamba mazoezi yake ni makavu, amri tupu, hayana mchezo wala furaha. Na lawama hiyo, kusema kweli, naiona ya haki. Siku hizi pia watu hudhani kwamba ndiye aliyebuni ukandaji uitwao wa Kiswidi. Siye, ukandaji ule watokana zaidi na daktari wa Uholanzi, Johan Georg Mezger.

Mashairi hakuyaacha, na mwaka 1835 akaingizwa katika Akademia ya Uswidi, wakaamo waandishi wakubwa wa nchi ile. Lakini kifua chake kilikuwa kibovu. Aliyefundisha maelfu kupumua vema alikufa kwa kifua kikuu tarehe 3 Mei 1839, na kitabu chake kikubwa juu ya misingi ya mazoezi kilikuwa hakijamalizika. Wanafunzi wake wawili walikusanya karatasi zake, wakakitoa mwaka 1840.

Chuo kiliendelea, na mwaka 1864 kikapokea wanawake. Mmoja wao, Martina Bergman, ambaye baadaye aliitwa Bergman-Österberg, alikwenda London mwaka 1881 kusimamia mazoezi katika shule za wasichana, kisha mwaka 1885 akafungua chuo chake mwenyewe cha walimu wanawake. Serikali ya Uingereza ilipotoa mwongozo wa mazoezi kwa shule zake mwaka 1909, iliuandika kwa kufuata njia ya Ling, na miongozo ya Kiingereza ilivuka bahari pamoja na walimu wake. Wazee wetu waliosimama mistari uwanjani asubuhi, mikono mabegani, wakingoja amri ya kuinyosha, walikuwa wakifanya mazoezi ya yule Mswidi, ingawa jina lake hawakupata kuambiwa.