Dian Fossey: Mwanamke wa Mlimani Aliyepita Bunagana Kama Sisi



Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu, mara hii tunamleta mtu ambaye wengi wetu tuliotoka Rutshuru, Jomba na Rumangabo tulisikia habari zake tangu utoto. Ni yule mzungu mwanamke aliyeishi na ngagi, yaani sokwe wakubwa wa milima ya Virunga. Lakini ni wachache hapa Makindye wanaojua kwamba yeye naye alivuka mpaka wa Bunagana akiwakimbia askari, akafika Kisoro, na hapo akaanza maisha upya.

Utoto na ujana

Dian Fossey alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 katika mji wa San Francisco, Marekani. Wazazi wake waliachana akiwa bado mdogo, akalelewa na mama pamoja na baba wa kambo aliyekuwa mkali. Alipenda sana wanyama, hasa farasi. Alianza masomo ya kuwa daktari wa mifugo, lakini masomo ya sayansi yalimshinda, akabadili. Mwaka 1954 alimaliza chuo, akafanya kazi katika jimbo la Kentucky, akiwasaidia watoto wenye ulemavu kujifunza kutumia viungo vyao.

Mwaka 1963 alikopa fedha nyingi ili aje kuona Afrika. Huko Olduvai, Tanganyika, alikutana na mtafiti Louis Leakey. Hapo pia alianguka akaumia kifundo cha mguu. Hata hivyo hakurudi nyuma. Alipitia Kisoro, akapanda mlima Mikeno upande wa Kongo, akawaona ngagi kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo moyo wake ulibaki huko.

Kabara

Leakey alimtafutia msaada, na Januari 1967 Dian alipiga hema Kabara, uwanda mdogo wa majani ulio kati ya Mikeno na Karisimbi. Hakuwa mtaalamu wa msitu. Aliyemfundisha kufuata nyayo, kusoma jani lililokunjika na mavi ya mnyama alikuwa Mkongomani mwenzetu, Sanwekwe, ambaye alikuwa amekwisha kufanya kazi na watafiti waliotangulia. Jina lake halitajwi sana, lakini bila yeye kazi ile isingeanza.

Ili kuwajua ngagi ilimbidi Dian kuijua mimea. Ngagi hula majani na mashina kuliko matunda. Hula seleri ya porini, mimea ya miiba, machipukizi ya mianzi, na yale majani ya kuwasha ambayo sisi tukiwa watoto tuliyakimbia. Dian aliandika orodha ya mimea zaidi ya 50 inayoliwa nao. Alijifunza pia kuketi chini kati ya majani, kujikuna, na kutafuna shina la seleri kama wafanyavyo wao, ili waone kwamba hakuja kwa vita. Wanyama waliomkimbia walianza kubaki. Miaka michache baadaye, mmoja wao aitwaye Peanuts alinyoosha mkono akamgusa.

Kukimbia

Julai 1967 vita viliwaka mashariki ya Kongo kwa sababu ya uasi wa askari mamluki. Askari walipanda Kabara, wakamteremsha Dian, wakamzuilia Rumangabo kwa muda wa majuma mawili hivi. Alitumia akili. Aliwaahidi fedha ikiwa watamsindikiza hadi Kisoro. Walipofika katika hoteli ya Mjerumani Walter Baumgärtel, askari wa Uganda waliwakamata wale waliomsindikiza, naye akapona.

Sisi tuliopita njia hiyo hiyo, na kulala Nyakabande, tunajua maana ya kufika Kisoro. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na pasipoti na nchi tajiri nyuma yake. Angeweza kupanda ndege aende kwao. Hakwenda. Tarehe 24 Septemba mwaka huo huo alianzisha kambi mpya upande wa Rwanda, kati ya milima Karisimbi na Visoke. Akaunganisha majina hayo mawili, akaiita Karisoke.

Mapambano

Kazi ya Karisoke haikuwa rahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu hekta 9,000 za hifadhi upande wa Rwanda zilikatwa ili kupanda pareto, ua linalotengenezewa dawa ya wadudu. Mianzi na mimea ya porini iliondoka, na ngagi walisukumwa juu kwenye baridi. Mitego iliyowekwa kwa ajili ya swala iliwanasa ngagi pia. Tarehe 31 Desemba 1977 wawindaji haramu walimwua Digit, dume kijana ambaye Dian alimpenda kuliko wote, wakamkata kichwa na mikono. Mwaka 1978 Dian alianzisha mfuko wa msaada kwa jina la Digit, akawalipa watu wa kufanya doria na kung'oa mitego.

Ni lazima tuseme pia upande mwingine. Uchungu ulimfanya Dian kuwa mkali kupita kiasi. Alikamata ng'ombe wa wafugaji, aliwapiga wawindaji waliokamatwa, na alivaa vinyago ili wamwogope kama mchawi. Wengi wa waliotega walikuwa Batwa, watu walioishi kwa msitu huo kabla ya kuwepo mipaka ya hifadhi. Aliwajua ngagi mmoja mmoja kwa alama za pua, lakini kwa majirani wengi wa msitu hakuwa na subira hiyo.

Kifo chake

Kitabu chake kuhusu ngagi kilitoka mwaka 1983, kikajulikana dunia nzima. Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake Karisoke, akiwa na miaka 53. Mwaka 1986 mahakama ya Rwanda ilimhukumu mtafiti mmoja Mmarekani asiyekuwepo, naye alikana. Mpaka leo watu hawakubaliani ni nani aliyemwua. Alizikwa karibu na Digit. Juu ya kaburi liliandikwa jina alilopewa na wenyeji, Nyiramachabelli, yaani mwanamke akaaye peke yake mlimani.

Tunajifunza nini?

Mwaka 1981 ngagi wa Virunga walihesabiwa karibu 250 tu. Hesabu ya 2015 na 2016 ilikuta 604, na pamoja na wale wa Bwindi walifika 1,063. Hii ni kazi ya wafuatiliaji, madaktari wa wanyama na walinzi, ambao wengi upande wa Kongo wamekufa kazini. Tena imesaidiwa na jambo ambalo Dian hakulipenda, yaani watalii. Tangu mwaka 2005 Rwanda hutoa sehemu ya fedha zao kwa vijiji vilivyo jirani na hifadhi. Msitu hudumu pale jirani naye anapopata riziki.

Wapendwa, wengine wetu tuliwahi kukata kuni za Virunga tukiwa wakimbizi wa ndani, kwa sababu watoto walihitaji kula. Hatusemi hayo ili tuaibishane. Tunasema ili tukumbuke kwamba anayeumia na msitu unaoumia ni jirani.

Watoto wetu waliozaliwa Kampala wanajua dodo na sukuma wiki za kwenye magunia uani, lakini hawajui majina ya mimea ya mlimani kwetu. Wazee wetu, mnayajua. Sanwekwe alimfundisha mgeni. Ninyi wafundisheni wajukuu, kabla majina hayo hayajapotea pamoja nasi.